Sura ya Nne: Kaburi la Maili Kumi na Tisa

Sajenti Lupakisyo alirudi Kilosa Alhamisi asubuhi na mapema, vumbi la Kimamba limemjaa hadi kwenye nyusi. Siku sita alikuwa huko akisaka wezi wa baiskeli katika makambi ya mkonge, na alichokuwa akikitamani ni maji ya kuoga na kikombe cha chai. Hakupata hata kimoja. Kwenye ngazi ya kituo cha polisi alikuta mwanamke amekaa, amejifunga kaniki, kichwa kimenyolewa upya, na magotini amepakata bakuli lililofunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama. Pole na msiba." Kichwa kile kilikuwa kimeshajieleza. "Una shida gani?"

"Mimi ni Verdiana, mke wa Anselmi Kihwele. Nimemletea mfungwa chakula, askari wako ananizuia."

"Mfungwa yupi?"

"Donati. Kwani mna mwingine wa reli?"

Lupakisyo alimtazama vizuri. Habari za kifo kile zilikuwa zimemfikia hata huko Kimamba. Anselmi, mkaguzi wa reli mpya ya Mikumi, alikutwa Jumamosi amekufa korongoni chini ya kona ya Maili Kumi na Tisa, kiberenge chake kimepinduka kando yake. Donati Ngonyani, mnyapara wa genge linalotunza kipande hicho cha reli, alikamatwa kabla jua halijatua. Na sasa mke wa aliyekufa anampelekea ugali anayedaiwa kuua. Katika miaka kumi na saba ya kazi Lupakisyo alikuwa ameona mengi, lakini hilo hakuwa ameliona.

"Mama, huyo anashtakiwa kwa kumuua mumeo."

"Nimesikia. Na mimi nakwambia ni uongo. Huyo ni mtani wetu, afande. Sisi Wahehe, yeye Mngoni. Tangu tuzike Jumapili watu wananililia tu, hakuna hata mmoja wa kunichekesha. Donati ndiye angeshuka kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Ndiye angemtukana maiti mpaka nicheke huku nalia. Mmenifungia mtani wangu, nimezika mume kama mtu asiye na kwao."

Sauti yake haikupanda. Lupakisyo alimwamuru askari wa zamu amwachie apite na bakuli lake, kisha akaingia ofisini kulitafuta faili kabla hata ya kuvua kofia.

Lilikuwa faili jembamba. Bwana Inspekta aliliandika mwenyewe, kwa Kiingereza. Alikuwa na miezi minne tu nchini, na Kiswahili chake kilitosha kuagiza chai na kumfukuza mbwa. Kwa kuwa Jumamosi ile Lupakisyo hakuwepo, Bwana Inspekta alikwenda Mikumi na kumfanya stesheni masta wa huko, Mathias Mapunda, awe mkalimani wake. Mathias huyohuyo ndiye aliyekuwa shahidi mkuu. Maelezo yake yalikuwa mafupi: Ijumaa jioni, mbele ya watu, pale stesheni, Donati alimwambia marehemu kwamba kesho atamzika, na kwamba kaburi lake amekwisha kulichimba kwenye kona. Bwana Inspekta alikwenda kwenye kona, akakuta kweli pamechimbwa. Akaandika kuwa mshtakiwa aliweka jiwe juu ya reli. Chini kabisa akaongeza kwa kujiamini: shahidi ni Mngoni kama mshtakiwa, kwa hiyo hana sababu ya kumsingizia.

Lupakisyo alisoma mara mbili akitafuta kabila la Anselmi. Halikuwepo. Marehemu ameandikwa mfanyakazi Mwafrika wa reli, basi.

Alimkuta Donati amekaa sakafuni, bakuli mbele yake, ugali haujaguswa. Alikuwa mtu mrefu wa miaka kama hamsini, mikono imekomaa kwa nyundo na kokoto.

"Ulisema maneno haya, kwamba utamzika Anselmi?"

"Nilisema, afande."

"Mbona hukumweleza Bwana Inspekta kuwa ni utani?"

"Nilimwambia Mathias amweleze. Akasema ameshaeleza."

"Yaseme tena. Neno kwa neno, kama ulivyoyasema siku ile."

Donati akatikisa kichwa. "Siyarudii hayo. Nilimwambia kesho nitamzika, na kesho yake kafa. Miaka kumi na miwili natukanana na Anselmi, tangu tukiwa vibarua wa mkonge, hakuna siku lilitokea neno. Sasa limetokea. Ulimi hauna mfupa, afande. Najiuliza usiku kucha kama si mimi."

"Ukijiuliza sana, kesho utapanda treni ya saa nne kwenda Morogoro, na kesi ya kuua mwisho wake ni kamba. Sema."

Donati aligeukia ukutani, akasema kwa sauti ya chini: "Nilimwambia, 'Kesho nakuzika, mla mbwa wee. Kaburi nimeshalichimba pale kwenye kona, kazi yako kuja kulala tu.'"

"Na yeye akajibuje?"

"Akasema mla panya hajui kuchimba kaburi, anajua kuchimba mashimo ya kitoweo chake. Watu wakacheka. Tukaagana, nikarudi kambini na genge langu."

Lupakisyo aliyaandika yote katika daftari lake, kisha akayalinganisha na faili. Maneno ya faili yalikuwa sahihi. Yalipungua mawili tu: mla mbwa, tusi ambalo Wangoni huwatania Wahehe.

Bwana Inspekta alimsikiliza akiwa amesimama, kiko mkononi. Alitaka kujua kama Sajenti anadai kuwa mtu wa kabila moja anaruhusiwa kumwambia wa kabila jingine atamzika, na asikasirikiwe. Lupakisyo alisema si kwamba anaruhusiwa, bali asipofanya hivyo ndipo mwenzake anapokasirika. Mzungu akavuta kiko kwa muda mrefu.

"Kuna mtu amekufa, Sajenti. Utani hauui."

"Ndiyo, bwana. Ndiyo maana nataka kwenda kuona kilichoua."

"Mpaka saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo nafunga faili."

Kiberenge alichopewa kilikuwa ndugu wa kile kilichoanguka: kigari cha wazi chenye magurudumu manne ya chuma, benchi moja la mbao na kiinjini kinachopiga kelele kuliko nguvu zake. Dereva wake, Tomasi, mtu mnene mwenye koti la reli lililofifia, ndiye aliyekuwa akimwendesha Anselmi siku zote. Jumamosi ile alikuwa amelazwa hospitali ya Kilosa kwa malaria, na Anselmi akaamua kuendesha mwenyewe.

Kiberenge hakiondoki bila kibali. Stesheni moja hupiga simu kwa nyingine, wakishakubaliana kuwa njia ni tupu, karani huandika karatasi na kumpa dereva. Tomasi alipopewa yake aliisoma, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti.

"Mbona unaisoma kama talaka?" Lupakisyo alimuuliza.

"Mazoea tu, mzee," alisema Tomasi. Akaitia mfukoni, akafunga kifungo.

Waliondoka saa mbili. Mwanzoni kulikuwa na mkonge tu pande zote mbili, mistari na mistari, na wakataji wenye mafurushi kichwani wakawapungia mikono. Kisha mkonge ukaisha, ardhi ikaanza kupanda na kushuka, na upande wa kulia milima ikasimama karibu, ya kijani chini na ya buluu juu. Reli ilipita kwenye mbavu za vilima, mara juu ya daraja, mara kati ya kuta za mwamba uliopasuliwa hivi karibuni, kokoto bado nyeupe. Upepo ulimpiga Lupakisyo usoni akalazimika kuishika kofia. Siku nyingine angeifurahia safari ile. Siku hiyo alikuwa akihesabu nguzo za maili.

Baada ya Maili ya Kumi reli iliteremka kuelekea mtoni. Tomasi akazima injini.

"Kimeharibika?"

"La, mzee. Mteremkoni wote tunazima. Kinateleza chenyewe."

Kelele ikaisha, ikabaki sauti ya magurudumu tu, nayo ikawa inazidi kupanda. Miti ilianza kupita haraka mno. Lupakisyo, ambaye hakuwahi kumwogopa mwizi, alishika benchi kwa mikono miwili. Tomasi alivuta mkono wa breki taratibu, akauvuta tena, na kiberenge kikapunguza mwendo kwa kulalamika. Moshi mwembamba ukapanda kutoka chini. Kulikuwa na harufu ya kuni.

"Nini kinaungua?"

"Vibao. Breki ya kiberenge ni vibao vinne vya mti, vinabana magurudumu. Ukiteremka mlima mmoja vinakuwa vyeusi."

"Mlima wowote?"

"Wowote. Labda uwe hutaki kusimama."

Lupakisyo aliandika hilo, ijapokuwa mwandiko ulikuwa ukirukaruka.

Kwenye Maili Kumi na Tisa walisimama. Kona ilikuwa kali, na kutoka upande wa Mikumi mteremko wa maili nne uliishia hapohapo. Kwanza Lupakisyo aliliangalia lile kaburi. Lilikuwa refu kupita mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa, hatua arobaini, na lilifuata reli mpaka kwenye kalvati. Genge la Donati lilikuwa linachimba mtaro wa maji ya mvua. Bwana Inspekta angetembea hatua kumi zaidi angeuona mwisho wake, lakini jua lilikuwa kali.

Kisha alipiga magoti akakagua reli, akisogea taruma moja baada ya jingine. Gurudumu la chuma likipanda jiwe huliponda, na unga wake hubaki, na reli huchubuka. Hakukuwa na unga wala mchubuko. Mahali kiberenge kilipotoka njiani palikuwa na alama moja tu, ndefu, ya gurudumu lililopanda ukingo wa reli kwa sababu ya kasi.

"Shuka twende tukakione," alisema.

Kiberenge cha Anselmi kilikuwa bado korongoni, kimelala chali, miguu juu. Tomasi alikaa mbali kidogo, akatazama pembeni. Lupakisyo alichutama, akapitisha kidole kwenye vibao vya breki, kimoja kimoja, vyote vinne. Akakinyanyua kidole na kukitazama. Kilikuwa na vumbi tu.

"Tomasi, njoo. Hivi vibao vina hali gani?"

Tomasi alikuja shingo upande. Alitazama, akainama zaidi, na uso ukambadilika. "Vyeupe. Vitakuwa vimebadilishwa Ijumaa, mzee, aliagiza vipya kabla sijalazwa. Lakini haiwezekani. Maili nne za mteremko... Anselmi hakufunga breki?"

"Mtu anayekwenda kufa hafungi breki?"

"Anavuta mpaka mkono ung'oke."

"Basi alivuta, na vibao havikusogea. Nionyeshe kinachovisogeza."

Tomasi alifuata kwa mkono kile chuma kirefu kinachotoka kwenye mkono wa breki hadi chini. Mahali chuma hicho kinapoungana na vibao palitakiwa pawe na pini nene kama kidole. Palikuwa na tundu tupu. Lupakisyo alichukua kisu chake, akakwangua ndani ya tundu taratibu, na kwenye ncha zikatoka nyuzi tatu za katani, zimekatikakatika, zimepakwa grisi zikawa nyeusi.

"Pini inaweza kuanguka yenyewe?"

"Ncha yake inapindwa kwa koleo, mzee. Haianguki. Mtu ameitoa, akafunga kamba." Tomasi alilitazama tundu tena. "Kwenye tambarare ingeshika. Ungevuta kidogo, ingeshika. Ukija hapa ukavuta kwa nguvu..."

Lupakisyo alizitia nyuzi ndani ya bahasha. Zenyewe hazikumwambia kitu; katani Kilosa ni kama vumbi, kila mtu anafungia mzigo wake. Kilichomwambia kitu ni mahali. Jiwe lingewekwa hapa, penye genge la Donati. Pini ilitolewa kule kiberenge kilikolala Ijumaa usiku.

"Kililala wapi?"

"Kwenye banda la stesheni ya Mikumi. Kwa kufuli."

"Ufunguo anao nani?"

"Stesheni masta."

Kisha Lupakisyo alisema kwa upole, "Sasa niambie habari za kibali. Kwa nini unakisoma mara tatu?"

Tomasi alivua kofia akaizungusha mkononi. Akaeleza kwamba wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatatu, Mathias aliwapa kibali kuwa njia ni tupu. Wakatoka. Walipofika Maili ya Thelathini, kwenye kona, wakaona treni ya kokoto inawajia. Waliruka. Kiberenge waliweza kukinyanyua na kukitupa nje ya reli zikiwa zimebaki hatua chache. Anselmi alirudi Mikumi kwa miguu, akamkuta Mathias amelewa pombe ya mchana.

"Alimwambia nini?"

"Kwamba ile ni mara ya pili, na ya tatu itaua mtu. Akasema atakwenda Kilosa Jumamosi amweleze Injinia wa reli uso kwa uso, kwa sababu barua zote hupitia mikononi mwa Mathias. Mathias alimwomba sana. Alipiga magoti, mzee. Anselmi akasema hana kinyongo naye, lakini Jumamosi anakwenda."

"Na wewe ukanyamaza siku zote hizi."

"Nina watoto watano. Na hakuna aliyeniuliza."

Walifika Mikumi saa sita, mwili mzima unatetemeka kwa mtikisiko wa reli. Kabla ya kushuka Lupakisyo alimwonya Tomasi: neno breki lisitoke kinywani mwake, wala neno pini.

Mathias Mapunda aliwapokea kwenye jukwaa la stesheni, sare imepigwa pasi, filimbi inang'aa kifuani. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Karibu, Sajenti. Habari za Kilosa? Bwana Inspekta hakunijulisha kama atatuma mtu."

"Nimekuja kukamilisha faili tu. Unajua Wazungu na makaratasi. Nataka maneno ya Donati kwa Kiswahili, neno kwa neno."

Wakaingia ofisini. Mathias hakufikiri. "Alisema, 'Kesho nakuzika. Kaburi nimeshalichimba pale kwenye kona, kazi yako kuja kulala tu.'"

"Basi?"

"Basi."

"Mwenyewe anasema katikati palikuwa na maneno mawili zaidi."

Mathias aligusa kola ya shati. "Yale? Yalikuwa matusi tu. Niliona haya kumtafsiria Mzungu matusi."

"Hapa hakuna Mzungu."

"Sajenti..."

"Yaseme."

"Mla mbwa."

Lupakisyo aliandika polepole, herufi moja moja. "Na watu waliokuwepo, waliposikia hayo, walifanya nini? Waliwashika wasipigane?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Sikumbuki."

"Bwana Mathias, wewe ni Mngoni. Imeandikwa humu, na ndiyo iliyomridhisha Bwana Inspekta. Mimi ni Mnyakyusa, naweza kukosea. Mzungu amekosea, hana kosa. Lakini Mngoni akimsikia Mngoni mwenzake anamwita Mhehe mla mbwa, anakosea vipi?"

"Mtu anaweza kuficha kisu ndani ya utani."

"Anaweza. Basi ungemwambia Bwana Inspekta kwamba ni watani, na kwamba humu ndani unahofia kuna kisu. Wewe umeondoa utani, ukampa kisu kitupu. Donati alikuomba umweleze, ukamjibu umeshaeleza."

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka Mathias juu ya mdomo, lakini alikuwa mtu wa ofisi na alijua thamani ya maneno. Akasema kwamba kama ni kosa, ni kosa la tafsiri, na hajawahi kusikia mtu akifungwa kwa tafsiri.

"Hata mimi sijasikia," alisema Lupakisyo akisimama. "Kwa hiyo twende Kilosa uirekebishe mwenyewe mbele ya Bwana Inspekta, kabla hajafunga faili. Jioni utarudi na treni ya kokoto. Mwachie karani wako ofisi."

Uso wa Mathias ulipata nafuu. Alichukua kofia na mfuko wake, akafunga droo, akatoka.

Kiberenge kilikuwa kikinguruma relini, Tomasi ameshakaa. Lupakisyo alipanda akasogea ili kumpisha. Mathias aliweka mfuko wake kwenye benchi. Kisha, badala ya kupanda, aliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, akapeleka mkono chini ya kiberenge. Vidole vyake vilipita kwenye magurudumu, vikapita kwenye vibao, vikafika kwenye pini, na hapo vikasimama. Akaishika. Akaizungusha. Alipohakikisha haitoki, akajiinua.

Lupakisyo alikuwa anamtazama.

"Unatafuta nini, Bwana Mathias?"

"Hapana... naangalia tu. Baada ya ajali ile mtu inabidi aangalie."

"Ajali? Faili linasema jiwe juu ya reli. Umelitafsiri wewe mwenyewe. Anayeogopa mawe hutazama mbele." Lupakisyo alishuka. "Wewe umetazama chini, ukapita kila kitu, ukashika pini. Kiberenge cha Anselmi kiko korongoni, Bwana Inspekta hakukishukia, wala wewe. Mimi sijakwambia kitu. Tomasi, umemwambia?"

Tomasi alizima injini. "Sijamwambia, mzee. Na mwaka mzima nampakia huyu. Hajawahi kuinama."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mathias iliishia hapo, mbele ya stesheni yake mwenyewe, mchana kweupe. Mathias akakaa kwenye ukingo wa jukwaa la stesheni, miguu ikining'inia juu ya reli, akavua ile filimbi shingoni na kuishika mkononi.

"Nilitaka aumie tu," alisema. "Avunjike mguu, alazwe, asifike kwa Injinia. Nilidhani ingekatika mapema, hapa karibu, kwenye tambarare. Kamba ya katani nayo ni ngumu."

"Na Donati?"

"Donati sikumfikiria kabisa. Bwana Inspekta alikuja, akaniuliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu." Aliinua macho. "Maneno yalikuwa yameshasemwa, Sajenti. Watu wote waliyasikia. Mimi niliyaokota tu."

Lupakisyo alimtia pingu kwa hasira.

Walirudi watatu kwenye benchi moja, Mathias katikati. Kwenye mteremko wa Maili Ishirini na Tatu Tomasi hakuzima injini. Aliteremka na breki mkononi njia nzima, moshi wa vibao ukiwafuata, na walipopita kwenye kona Mathias alifumba macho.

Saa kumi na moja na nusu faili lilikuwa mezani kwa Bwana Inspekta, pamoja na bahasha ya nyuzi na maelezo mapya yenye sahihi. Mzungu alisoma yote. Akauliza maana ya yale maneno mawili, akaelezwa, akataka aelezwe tena. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Mfungulie," alisema, na hakuinua macho.

Lupakisyo alimtoa Donati hadi mlangoni asaini daftari la kuachiwa. Habari zilikuwa zimetangulia, kama kawaida ya Kilosa. Watu wa reli kama thelathini walikuwa wamejaa uani, Wahehe na Wangoni na wengine, na mbele yao Verdiana na kaniki yake. Alipomwona Donati alipiga hatua moja, akaweka mikono kiunoni.

"Mla panya wee!" alipaza sauti. "Wamekuachia? Na mimi nilishafurahi kuwa wanakunyonga, nipumzike na harufu yako!"

Watu wakaangua kicheko, kicheko kilichobanwa siku tano, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja kumpa Donati nafasi. Ilikuwa zamu yake. Kila mtu pale alijua.

Donati alikunja kofia yake kwapani. "Pole sana na msiba, mama," alisema. "Mungu akutie nguvu."

Hivyo ndivyo mtu anavyomsalimu mfiwa asiyemjua. Verdiana alibaki na mikono kiunoni, na taratibu ikaanza kuteleza.

"Donati. Nijibu."

Donati aliihamishia kofia kwapa la pili.

"Mume wangu amezikwa kavu. Nitukane basi, hata neno moja. Nitukane nilie vizuri!"

Midomo ya Donati ilicheza. Lupakisyo aliona neno likija, likafika mpaka kwenye meno, na alijikuta naye anamwombea litoke. Ndipo Donati alipogeuza shingo, akamtazama yeye, akatazama daftari lililofunguliwa mkononi mwake na kalamu iliyokuwa ikingoja sahihi.

"Siwezi, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu anaandika."